Tazama Kisogoni: Jinsi ya Kuipima Kazi ya Dredi, Kasese na Bwera

Dredi iliyosokotwa asubuhi ya leo haipimiki leo. Kila kichwa kinachoinuka kutoka kiti cha saluni hupendeza kwa saa chache: jeli imekauka na kuacha mng'ao, njia za kichana zimenyooka, mizizi imebanwa hadi ngozi inaonekana kama shamba lililopaliliwa jana. Mteja hujitazama kwenye kioo, hulipa, huondoka na furaha yake. Waliosema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti, walikuwa na jambo la namna hii akilini. Ninachodai hapa ni kwamba kazi njema ya dredi huanza kujulikana wiki ya sita, baada ya kuoshwa mara tatu nne, na hujulikana mahali ambapo mwenye kichwa hapaoni bila kusaidiwa, yaani kisogoni na kwenye shina la kila dredi. Nadai na zaidi: mng'ao na mkazo, vitu viwili ambavyo wateja wengi huvihesabu kuwa alama za ufundi, mara nyingi ni ushahidi dhidi ya fundi.

Kasese na Bwera ni mahali pazuri pa kulijaribu dai hili, kwa kuwa wilaya moja ya Uganda imebeba hali za hewa zaidi ya moja. Mji wa Kasese umelala kwenye sakafu ya Bonde la Ufa, chini ya milima ya Rwenzori, jirani na mbuga ya Queen Elizabeth na karibu kabisa na Ikweta. Ni mji wa jua, na kiangazi kikishika ni mji wa vumbi. Ukipanda miteremko inayouangalia, ambako Wakonzo hulima kahawa ya arabika, hewa inapoa na mvua inaongezeka kila unapopanda. Bwera, kilomita 60 hivi kwa barabara, iko kwenye miguu ya milima hiyo hiyo, mlangoni mwa soko la Mpondwe na mpaka wa Kongo. Ng'ambo ya mto Lhubiriha ni Kasindi, na lugha ya Wakonzo wa upande huu na ile ya Wanande wa upande ule zinakaribiana kiasi kwamba mtindo wa nywele hauhitaji mkalimani ili uvuke. Kwa hiyo mikono ile ile huweza kuhudumia kichwa kitakachokaushwa na jua la bondeni kabla ya adhuhuri, na kichwa kingine kitakachokwenda kulala na unyevu kwenye baridi ya mlimani. Fundi asiyeuliza mteja wake anaishi wapi amefanya nusu ya kazi.

Liko jambo jingine la Uganda linaloathiri mwanzo wa dredi. Shule nyingi huwataka wanafunzi, wasichana kwa wavulana, wakae na nywele zilizonyolewa fupi mpaka wamalize. Matokeo yake ni kwamba anayeanza kufuga baada ya mtihani wa Senior Six mara nyingi huja na nywele ambazo hazijaonja dawa ya kulainisha: fupi, ngumu, za kipilipili halisi. Wapo wanaozionea haya, wakadhani kwamba ingefaa kwanza zirefuke, au zilainishwe kidogo ili zishikike. Kwa dredi, nywele hizo ni mtaji ambao mwenye nywele za dawa hawezi kuununua. Yeye atalazimika kuzikata au kusubiri mwaka mzima zile za asili ziote.

Sababu yake iko katika namna dredi inavyojifunga. Kichwa cha kawaida hupoteza nywele 50 hadi 100 kila siku, wala huo si ugonjwa. Unywele umemaliza muda wake, umeachia ngozi, na mahali pake patakuja mwingine. Anayechana nywele huzikuta hizo kwenye kichana. Mwenye dredi hazikuti popote, kwa sababu zilizoachia ngozi hubaki zimenaswa na zilizo hai, na miezi inavyopita zote hujikunja pamoja kuwa kamba moja. Kinachonasa ni ule mkunjo wa kipilipili. Dawa ya kulainisha huvunja vifungo vya ndani ya unywele vinavyoushikilia mkunjo, ndiyo maana nywele zilizotiwa dawa huteleza na kufunguka hata zisokotwe vipi. Hapa ndipo hoja yangu inapopata miguu: kinachoifunga dredi ni unywele wenyewe ukisaidiwa na muda. Fundi hugawa, huelekeza na hulinda. Kila anapojaribu kuifanya kazi ya muda kwa nguvu ya vidole, kwa gundi au kwa sindano, anakopa kwenye siku za mbele za mteja bila kumuuliza.

Basi anza kupima kwenye mgawanyo, kwani hilo ndilo jambo la siku ya kwanza lisilorekebishika baadaye bila kuharibu. Dredi za ukubwa wa kawaida hufika 70 hadi 100 kwa kichwa kizima, kila moja ikisimama juu ya kiwanja cha ngozi chenye upana wa sentimita mbili na nusu hivi. Kiwanja kikiwa kidogo mno, dredi huwa nyembamba na ya kuvutia mwanzoni, lakini ikifika mabegani uzito wake unazidi nguvu za nywele chache zinazoishikilia. Kikiwa kikubwa mno, unapata gogo linalochukua siku mbili kukauka. Mpangilio bora ni ule wa mwashi: kiungo cha safu ya juu kiangukie katikati ya tofali la safu ya chini, ili dredi zikilala zifunike njia zote, na ngozi isionekane kwa mistari mirefu kama mifereji. Sasa mwombe mtu akuinamishe kichwa na kukupigia picha ya kisogo. Mbele ya uso kila fundi ni hodari, maana mteja ana kioo. Kisogoni ndiko saa ya nne ya kazi inapofika, vidole vinapouma, na viwanja vinapoanza kupanuka kimyakimya ili kazi iishe. Ukiona viwanja vya kisogoni vinalingana na vya kipajini kwa ukubwa, umempata mtu anayeiheshimu kazi yake, na unaweza kumsamehe makosa mengine mengi.

Njia ya kuanzia ina uzito mdogo kuliko watu wanavyodhani. Nywele za sentimita tatu hadi tano, zile za aliyemaliza shule juzi, hufaa kusokotwa kwa ncha ya kichana. Zilizo ndefu zaidi husokotwa kwa nyuzi mbili. Wengine huanza kwa kusugua kichwa kwa taulo au sponji na kuacha vifundo vijigawe vyenyewe. Zote hufika, kwa wengi kati ya miezi 6 na 18. Lenye maana zaidi ni upande wa kusokotea. Ukianza kuelekea kulia, basi ni kulia mwaka wa kwanza na kulia mwaka wa tano, kwa sababu anayegeuza upande anafungua alichofunga aliyemtangulia. Fundi mzuri anayepokea kichwa kilichoanzwa na mwingine hushika dredi mbili tatu na kuzitazama kwanza zimekwenda upande gani. Ni kitendo cha nusu dakika. Asiyekifanya huenda ana mkono mwepesi na maneno matamu, ila hajui anachokishika.

Mkazo ndio kosa linalosifiwa kuliko yote katika ufundi huu. Kusokotwa vizuri, kwa wengi, ni kutoka saluni huku nyusi zimepanda na kulala usiku huo kwa upande mmoja. Lakini shina la unywele limekaa ndani ya kifuko kidogo cha ngozi, na kifuko hicho kikivutwa tena na tena huvimba, hutoa vipele, kisha huanza kutoa unywele mwembamba zaidi, na mwisho hufunga kwa kovu. Madaktari wa ngozi wanaufahamu vizuri upotevu huu wa nywele unaoletwa na kuvutwa: mwanzoni, mtu akiacha kuvuta, nywele hurudi, kovu likishaundwa, hazirudi. Dalili za awali hazihitaji daktari. Ni maumivu yanayozidi siku ya kwanza, ni vipele vidogo kwenye mizizi, ni ukingo wa nywele unaorudi nyuma karibu na masikio na kwenye kona za kipaji. Kwa hiyo uangalie ukingo huo kwa wateja wa zamani wa fundi kabla hujaketi kwenye kiti chake. Vinywele laini vya pembeni mwa uso viachwe kabisa. Anayevikusanya vyote ndani ya dredi ya kwanza ili paso la mbele lionekane safi anauza sura ya wiki moja kwa kipaji cha miaka.

Hesabu ya ukuaji inatoa ushahidi ule ule. Unywele huota kama sentimita moja kwa mwezi, na wa kipilipili mara nyingi pungufu kidogo ya hapo. Anayerudi saluni kila baada ya wiki mbili anapeleka chini ya nusu sentimita ya nywele mpya. Hakuna cha kusokota hapo. Kinachosokotwa ni kile kile kilichosokotwa wiki mbili zilizopita, kikazidi kukonda pale pale juu ya ngozi. Wiki sita ni kipimo cha busara kwa wengi, nne kwa asiyevumilia, nane kwa mwenye moyo. Saluni inayokupangia tarehe ya karibu kuliko hapo inafuata kalenda ya mapato yake, na silaumu mtu kutafuta mkate, ila mteja ajue kalenda ni ya nani.

Kuhusu vitu vinavyopakwa nitakuwa mkali. Nta ya nyuki haina kazi kwenye dredi. Watu huipenda kwa sababu inashika papo hapo na inang'aa, tena ni ya asili, na neno asili siku hizi linafungua milango mingi. Lakini nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi joto 62 hadi 64 za Selsiasi, na haiyeyuki katika maji. Hakuna ngozi ya kichwa itakayovumilia maji ya moto wa namna hiyo, kwa hiyo nta iliyoingia haitoki kwa kuosha. Inakaa, inapokea vumbi la barabarani, moshi wa jikoni na nyuzi za blanketi, na baada ya mwaka dredi ina kiini cha kijivu kama utambi. Bondeni, ambako vumbi la kiangazi halimsamehi mtu, kupaka nta ni kama kupaka gundi kisha ukapanda bodaboda. Jeli ya mshubiri hufanya kazi ile ile ya kushikilia kwa siku chache, halafu huoshwa ikatoka. Mafuta mepesi, matone machache kwenye ngozi, yanatosha. Ya nazi, ya nyonyo, au yale ya shea yanayotoka kaskazini mwa Uganda, ingawa haya ya mwisho ni mazito na yanataka mkono wa choyo. Fundi akichota mafuta kwa vidole vitatu, mwulize anakaanga nini.

Hapa tunafika kwenye maji, na ndipo Kasese inapokuwa na la kufundisha. Wazo la zamani kwamba dredi hazioshwi, au zisioshwe miezi ya kwanza, limeharibu vichwa vingi kuliko wasusi wabovu wote wakijumlishwa. Uchafu na mafuta huzifanya nywele ziteleze. Nywele safi na kavu ndizo zinazonasana. Ngozi isiyooshwa huleta mba, na mba ikishaingia ndani ya dredi inaonekana kama chumvi iliyomwagika. Kuosha kila wiki moja au mbili si anasa. Tatizo ni kitu cha kuoshea na jinsi ya kukausha. Sabuni ya mche ya kufulia ni ya upande wa magadi, ilhali ngozi ya kichwa ni ya upande wa uchachu kidogo. Magamba madogo yanayoufunika unywele huinuka, nywele zikakwaruzana na kukatika. Katika maji magumu, yenye chokaa, sabuni hiyo hugeuka kuwa utando mweupe usiosuuzika, ambao wengi huudhania ni mba na kuukabili kwa sabuni zaidi. Shampuu nyepesi ya maji inatosha. Asiyekuwa nayo asuuze kwanza kwa vijiko viwili vya siki ndani ya lita moja ya maji, kisha asuuze tena.

Kukausha kuna mfano wake mlimani. Mkulima wa arabika anayeosha kahawa yake huianika juu ya vitanda vya wavu, akiigeuzageuza, mpaka unyevu wake ushuke hadi asilimia 12 hivi. Akiifunga guniani kabla ya hapo inashika kuvu, na harufu ile haimtoki mnywaji hata kahawa ikaangwe vipi. Mnunuzi mzoefu hatosheki na kuitazama. Huishika, huinusa, huijaribu kwa jino. Dredi ni vivyo hivyo. Unywele hunyonya maji hadi karibu theluthi ya uzito wake, na dredi nene hubeba mengine katika nafasi zilizo kati ya nywele na nywele. Nje inakauka kwa saa moja ya jua, ndani bado ni mbichi, na mwenye nayo hufunga kitambaa, huvaa kofia ya pikipiki au hujilaza kitandani. Baada ya miezi kadhaa ya tabia hiyo kuna harufu ya nguo iliyosahaulika kwenye beseni. Kwa mtu wa mjini Kasese dawa ni kuosha asubuhi ya siku isiyo na haraka na kuliachia jua kazi. Kwa anayeishi juu, Ihandiro au Kyarumba, msimu wa mvua ukianza Machi au kuelekea Septemba, ushauri huo hautoshi. Aoshe wakati ukungu umeondoka, akamue kila dredi kwa fulana kuukuu ya pamba badala ya taulo linaloacha nyuzi, na kama nywele zake ni nene afikirie upya ukubwa wa viwanja alivyochagua. Ndiyo maana nilisema fundi aulize mteja anaishi wapi. Unene wa dredi ni uamuzi wa hali ya hewa kabla haujawa uamuzi wa urembo.

Sasa mkono. Wiki ya sita imefika, nywele zimeoshwa na kukauka. Shika dredi moja kati ya kidole gumba na cha shahada, uishuke polepole kutoka shinani hadi nchani. Ya mwezi wa pili itakuwa laini na yenye kufumukafumuka, wala hilo si kosa. Vinywele vinavyosimama nje ni dalili kwamba kufunga kumeanza, na anayevikata kwa mkasi ili kichwa kionekane nadhifu anaondoa nyuzi ambazo kesho zingekuwa kamba. Ya mwaka mmoja hadi miwili iwe na ugumu wa sponji nzito, unaobonyea na kurudi, bila sehemu tupu ndani na bila uvimbe mgumu wa ghafla. Sehemu tupu mara nyingi ni mahali nywele zilipokatika. Uvimbe mgumu mara nyingi ni nta au jeli iliyokaukiana. Kisha rudi shinani. Unene wa shina usipishane sana na unene wa mwili. Ukikuta shingo nyembamba kama ya chupa, kuna aliyevuta. Pasua viwanja viwili kwa vidole uone kama dredi jirani zimeanza kuungana chini. Kuungana hakuletwi na ukorofi wa nywele, kunaletwa na mtu aliyeacha kuzitenganisha baada ya kila kuosha. Mwisho nusa, katikati ya kichwa na kisogoni. Pua haidanganywi na jeli.

Sindano ya kroshia na ile njia ya kupitisha ncha ya dredi katikati ya mzizi wake zinastahili jicho la peke yake, kwa kuwa zinatoa matokeo ya haraka na zinapendwa na wenye shughuli nyingi, wachuuzi wa mpakani wakiwemo. Sisemi ni mbaya. Dredi ndogo sana, kama zile alizozibuni JoAnne Cornwell wa Marekani mwaka 1993 na kuzipa jina la Sisterlocks, hutegemea njia ya kupitisha ncha, na zikifanywa kwa mpango hudumu. Lakini mpango ndio kila kitu: ncha ipite mara kutoka juu, mara kutoka kulia, mara kutoka chini, mara kutoka kushoto. Ikipita upande mmoja tu kila mara, shina hutoboka na kugawanyika kama miguu ya panzi. Tundu hilo unaweza kuliona ukiinua dredi dhidi ya dirisha. Kroshia nayo hufunga kwa kuvuta nywele kuzipitisha ndani ya nywele, na kila mvuto usio na uangalifu hukata kadhaa. Dredi iliyofungwa papo hapo kwa kroshia inapendeza siku hiyo kuliko ya miezi minane iliyojifunga yenyewe. Baada ya miaka mitatu, ile ya kwanza mara nyingi huwa ngumu kama kijiti na nyepesi mkononi, kwa sababu sehemu yake ni nywele zilizokatika. Tena sindano huchoma ngozi. Fundi asiyeisafisha kwa spiriti baina ya kichwa na kichwa, au anayetumia kichana kile kile kwa mtoto mwenye mapunye na kwa mama anayefuata, hana haki ya kupimwa kwa mengine yote.

Watakaopinga wapo, na pingamizi lao la kwanza lina nguvu. Watasema: dunia haimtazami mtu wiki ya sita, inamtazama leo. Kijana anakwenda kuomba kazi, mama anakwenda kanisani, na wenye macho wanaokaa langoni wanazitaja kwa lugha ile ile dredi na uvivu. Unadhifu ni ngao. Nakubali kwamba ni ngao. Ninachokataa ni kuipata kwa mkazo. Kinachofanya kichwa kionekane nadhifu kwa mbali ni viwanja vinavyolingana, ngozi safi, na dredi zilizotenganishwa; vyote hivyo hufanyika bila kumvuta mtu machozi, na hubaki hata mzizi ukiwa na wiki tano. Kichwa kinachotegemea mkazo ili kipendeze hupoteza sura yake kila baada ya siku kumi, ndipo mwenyewe hurudi kukazwa tena. Kwa hiyo hata kwa hoja ya unadhifu, mkono mpole hushinda kwa siku nyingi zaidi za mwaka.

Wa pili hupinga kutoka upande wa pili kabisa. Kwao, kuzungumzia ubora wa dredi ni kuzigeuza bidhaa. Dredi za kweli huachwa, wala hazina saluni. Na wana historia nyuma yao. Wapiganaji wa Mau Mau katika misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya walifuga bila kichana wala kioo. Picha ya Dedan Kimathi baada ya kukamatwa Oktoba 1956 inamwonyesha na dredi zake, na Muthoni wa Kirima alizibeba zake tangu siku za msituni hadi zilipokatwa hadharani mwaka 2022. Mbele ya dredi za karibu miaka 70, nani ataleta habari za sentimita mbili na nusu? Lakini ukitazama kwa makini, mfano huo unaniunga mkono. Nywele hizo hazikuvutwa na mtu, hazikutiwa nta, hazikusokotwa kila wiki mbili. Zilipewa kile ambacho nimesema ndicho kinachofunga dredi. Anayeziachia zijifunge zenyewe bado ana kazi mbili za kifundi: kuosha, na kuamua ni zipi ziungane na zipi zitenganishwe, asije akabeba kisogoni mkeka mmoja wenye uzito usiogawanyika. Kuacha ni njia mojawapo, na yenyewe ina walioifanya vizuri na walioifanya ovyo.

Pingamizi la tatu ni la mfuko. Mwongozo kama huu, watasema, ni wa Kampala. Bwera mtu ananunua maji kwa jerikani ya lita 20 na kuyapimia kila kazi. Ni kweli maji yana bei. Ila tazama nilichokisifu na nilichokikataa. Nta, jeli za mikebe, kurudi saluni mara mbili kwa mwezi, sindano na dredi za papo hapo: hivyo ndivyo vyenye gharama. Vipimo vya ubora nilivyotaja, yaani viwanja vilivyopangwa vizuri mara moja, upande mmoja wa kusokotea, mkono mpole, jua na subira, havina lebo ya bei. Kichwa chenye dredi za wastani huoshwa na kusuuzwa kwa nusu jerikani kama mtu anamimina kwa kikombe badala ya kuchovya. Mwenye pesa kidogo azitumie zote siku ya kwanza kwa fundi aliye bora kuliko wote anaoweza kuwafikia, hata ikibidi apande gari kutoka Bwera hadi Kasese, halafu ajihudumie mwenyewe mwaka mzima.

Mteja wa zamani ndiye cheti cha fundi, na kati ya wateja wa zamani chagua mwenye dredi ndefu. Kwa mwendo wa sentimita moja kwa mwezi, dredi ya sentimita 50 ina ncha yenye umri wa zaidi ya miaka minne. Mwombe ruhusa, maana kichwa cha mtu si bidhaa ya sokoni, kisha isogeze juani na uifuate kuanzia nchani kwenda juu. Ncha iliyofungwa na kuwa ya mviringo ilianza bila haraka. Sentimita chache zilizo nyembamba kuliko nyingine ni msimu ambao mtu alikazwa mno, au aliugua, au alijifungua, na ni vema kuuliza kabla ya kumhukumu msusi. Mkanda wa kijivu ni mwezi wa nta. Mahali unene unapobadilika ghafla na mzunguko ukageukia upande mwingine, hapo ndipo alipohama fundi.